Ngazi Thelathini na Mbili za Mama Jalada

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika masjala, karani mkuu wetu anastaafu Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu. Jina lililo kwenye mkataba wake wanalijua wachache. Sisi wengine tunamwita Mama Jalada, naye hakuwahi kulikataa jina hilo.

Alianzia kaunta ya chini, akipokea barua na kuzigonga mihuri, akapanda hadi kuwa mkuu wa masjala, ghorofa ya pili. Kompyuta zilikuja zikamkuta. Ulipotafuta jalada lililopotea, alikutazama juu ya miwani, akakutajia kabati, rafu na jina la aliyelichukua bila kusaini. Mara nyingi jina lilikuwa lako.

Miaka sita iliyopita nusura tumpoteze kabla ya wakati. Magoti yalimsumbua mpaka akawa anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Ikaja barua: baada ya miezi sita afike mbele ya jopo la madaktari, waamue kama astaafishwe kwa sababu ya afya. Mwenyewe alitaka kumaliza miaka yake, na barua ile ilimliza.

Hapo ndipo tulipoingia sisi na huruma zetu, na nakiri kwamba kinara nilikuwa mimi. Tulimhamishia meza chini, karibu na kaunta. Tukamtafutia kiti cha magurudumu madogo, tukawa tunampelekea chai na majalada palepale. Hata dirisha hakuruhusiwa kulifunga. Tulijiona watu wema kweli. Baada ya miezi miwili alikuwa hawezi kuinuka kitini bila kushikwa mikono yote miwili.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwenye kliniki alikotibiwa magoti, alipoisikia habari ya kiti chetu alicheka kwanza. Kisha akamweleza kuwa magoti kama yake huhitaji kutumiwa kidogo kidogo, na misuli ya mapaja ipate nguvu ya kuyasaidia. Mama Jalada alirudi akatukusanya wote.

“Wanangu, mnanipenda mpaka mnanilemaza,” alisema. “Nirudishieni ngazi zangu.”

Tukamrudishia, moja baada ya nyingine. Wiki ya kwanza alipanda tano tu, akishika reli. Viatu vya visigino, alivyovipenda kupita kiasi, vilienda kwa binti yake, yeye akavaa raba. Sukari ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi kimoja, na uzito ukafuata taratibu. Mumewe, fundi seremala, alikuja Jumamosi moja akatutengenezea rafu za usawa wa kiuno kwa ajili ya majalada mazito. Na kila mara saa ya ukutani ilipogonga, yeye alisimama na kuketi mara kumi bila kushika meza. Siku goti lilipovimba alipumzika nyumbani, akatuelekeza makabati kwa simu.

Zoezi hilo lilituambukiza sote. Mgeni mmoja mheshimiwa aliingia saa nne kamili, akakuta masjala nzima imesimama. Akatupungia mkono kwa furaha. Tukaketi, tukasimama tena. Maskini, hakujua apunge mara ngapi.

Siku ya jopo, madaktari walimwomba asimame na kuketi mara tano. Akawafanyia kumi. Aliporudi na karatasi ya kuendelea na kazi tulishusha pumzi, mimi nikashusha na machozi. Hakupona kabisa, tusidanganyane. Asubuhi za baridi magoti bado humkumbusha. Lakini miaka sita ile ameifanya yote.

Jumatatu iliyopita alipanda kunikabidhi funguo za masjala. Tulikaa mezani tukijifanya tunaandika, kumbe tunahesabu hatua zake: thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili. Mkono wangu ulitaka kwenda kumpokea mlangoni, nikaukalia. Akaingia bila kuhema, akaweka funguo mbele yangu, na saa ya ukutani ikagonga.

Tukasimama wote. Safari hii hakuna aliyeketi.

Ahsante, Mama Jalada, kwa kazi na kwa kutuvumilia. Tunakutakia mapumziko mema, marefu, na yasiyo ya kukaa sana.