Ghorofa ya Tano, Kabla ya Saa Tisa

Kwenye kiti cha mbele yangu basini, mama mmoja mpima ardhi wa serikali alikuwa akimweleza abiria mwenzake, fundi nguo aliyepakata cherehani, jinsi bosi alivyomwondoa kazi za nje na kumweka mezani, eti kwa umri wake milima haipandiki tena.

“Leo ndiyo mwisho wa kupeleka malalamiko,” alisema. “Wanafunga saa tisa.”

“Siku zote hizo ulikuwa wapi, mama?”

“Bosi aliniambia nivute subira, suala langu analishughulikia yeye mwenyewe.”

“Basi amelishughulikia kweli,” fundi alisema, nami nikaafiki kimoyomoyo. “Hayo malalamiko yanapokelewa wapi?”

“Ofisini kwetu hapohapo, ghorofa ya tano. Lifti imekufa.”

Fundi aliifikiria lifti. “Ukifika juu unahema, umejimaliza mwenyewe.”

“Nitapumzika kwanza ghorofa ya nne.”

“Na saa tisa je?”

Basi lilisimama kituoni kwa yule mama, naye akainuka. Kidaraja cha mlangoni kilikuwa juu, nikampa mkono ashuke. Aliutazama, akaangaza huku na huku kuona kama kuna mtu wa ofisini kwao anayetuona, ndipo akaushika.