Bi Gundula Teuscher na Lango la Makufuli Mawili

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, saa saba mchana, Bi Gundula Teuscher atavua buti zake za mpira katika ofisi yetu ya maji kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na mmoja ya utumishi. Tumemuuliza mara tatu anataka zawadi gani. Mara zote tatu amejibu kwamba anataka mkutano wa kuagana usiozidi nusu saa. Kwa hiyo nitajitahidi.

Aliajiriwa mwaka 1984, katika nchi ambayo haikuwa na majimbo. Yalikuwa yamefutwa kabla hajazaliwa. Mto, ukingo wa mto na penseli ya kuandikia habari za mto, vyote vilikuwa mali ya dola moja, na ukitaka kujua mwenye mamlaka ulitazama juu tu. Kisha ikaja Oktoba 1990, nchi hiyo ikaungana na shirikisho la magharibi. Jumanne jioni Bi Gundula alitoka kazini akiwa mtumishi wa dola hiyo; Alhamisi asubuhi akarudi akakuta nchi nyingine, jimbo jipya, na kibao cha ofisi kimeng'olewa mlangoni. Kwa wiki tatu hakuna aliyejua sisi ni wa nani. Yeye aliendelea kupima kina cha maji kila asubuhi, na simu ikilia alipokea hivi: "Ofisi ya maji, bado tupo."

Jimbo lilipopata nafasi ya kutukumbuka, lilimkuta ameshasoma katiba yote. Tangu hapo kila mfanyakazi mpya amepewa somo lake la dakika moja: "Jimbo lina shule, polisi na mto wetu. Shirikisho lina jeshi, pasipoti na mto wao. Mvua haina mwenyewe, kwa hiyo usiulize, chukua koti."

Shida ni pale mto wetu unapokuwa mto wao. Mto huo, Lauke, ni wa jimbo hadi kwenye lango la maji la Dörnwitz. Kuanzia hapo kushuka ni njia ya meli, na njia za meli ni za shirikisho. Mpaka unapita katikati kabisa ya lango. Ndiyo maana mnyororo unaoshika mkono wa kuzungusha ili liinuke ulifungwa, mwaka 1993, kwa makufuli mawili: la kijani letu, la bluu lao. Lango likifunguliwa, maji humwagika kwenye malisho mapana yasiyo na nyumba. Likibaki limefungwa wakati wa mafuriko, maji huenda kijijini Dörnwitz, kwenye watu mia tatu.

Ufunguo wa bluu alikuwa nao Bwana Wendelin Krautz, mtu wa masharubu na kanuni. Alikata majani hadi kwenye jiwe la mpaka, na si unyasi mmoja zaidi. Wakati mmoja nguruwe mwitu aliyekufa alinasa langoni, kichwa kikiwa jimboni na matako katika shirikisho. Barua zilipishana siku nne, harufu ikizidi. Siku ya tano, wakati wa chakula cha mchana, nguruwe huyo alitoweka. Bwana Krautz aliripoti kwamba mnyama "ameondoka katika eneo la mamlaka yangu". Bi Gundula aliripoti vivyo hivyo. Upondo wetu, mti mrefu wa kusukumia takataka langoni, ulikutwa umeoshwa kwa sabuni, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Lakini siku ambayo Dörnwitz haitaisahau ni asubuhi moja ya Juni 2013. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano. Mimi na Bi Gundula tulipofika langoni, maji yalikuwa yameshapita alama nyekundu, na Bwana Krautz alikuwa amesimama kando ya mnyororo, ameloa, ufunguo mkononi.

"Bwana Krautz, fungua kufuli lako," alisema Bi Gundula.

"Bi Teuscher, kwanza habari za asubuhi."

"Habari ndiyo hayo maji. Fungua!"

"Siwezi. Nimepiga simu kwa wakubwa. Wanasema mafuriko ni jambo la jimbo."

"Na mimi nimepiga kwetu. Wanasema lango ni la njia ya meli, waulizwe shirikisho."

"Basi, si unaona? Wote wamejibu."

Nyumba ya kwanza ya kijiji iko hatua mia moja kutoka pale. Mwenye nyumba, Bi Irmtraud Pohl, alikuwa na miaka themanini na minne na alikuwa amekataa kuhamishwa. Alifungua dirisha la ghorofani.

"Hivi nyie wawili mnabishana nini huko? Viazi vyangu vinaogelea!"

"Tunasubiri mamlaka, mama!" akajibu Bwana Krautz.

"Mamlaka yanajua kuogelea?"

Msimcheke sana Bwana Krautz. Mwaka uliotangulia aliinua kizuizi kimoja bila idhini, akamsaidia mtu, na nusura apoteze kazi. Alimsogelea Bi Gundula, akasema kwa sauti ya chini: "Nikifungua hivihivi, wananifukuza. Nipe karatasi, dada. Karatasi yoyote."

"Yoyote?"

Bi Gundula alichukua mfuko wa karatasi wa mikate ya siagi niliokuwa nao, akaimwaga mikate yangu kwenye kiti cha gari, akauchana mfuko na kuandika juu ya boneti. Katiba inazitaka mamlaka zote, za shirikisho na za majimbo, zisaidiane. Aliandika kwamba jimbo linaliomba shirikisho msaada wa kiofisi, nao ni kufungua kufuli moja la bluu, sasa hivi. Akatia sahihi.

Bwana Krautz aliisoma mara mbili mvuani. "Haina muhuri," alisema, karibu alie.

Bi Gundula alifungua mkoba wake akatoa muhuri.

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi vile. Mimi nilishika mwavuli wino ukauke. Huo ndio mchango wangu katika historia ya mafuriko. Makufuli yalifunguka, wakaushika mkono wa lango wote wawili, jimbo upande huu na shirikisho upande ule, wakazungusha hadi mabega yakakataa. Lango lililia, likainuka. Maji yaligeukia malishoni, yakaishia kwenye ngazi ya pili ya Bi Irmtraud. Viazi havikuokoka.

Garini Bi Gundula aliegemeza kichwa kwenye usukani akalia. "Robo saa, Hartwig," aliniambia. "Watu mia tatu, na mimi nimetumia robo saa kutafuta karatasi."

Wiki hiyo kila serikali ilitangaza kwamba lango ni lake. Kwa siku moja, tena kutoka idara ileile, Bi Gundula alipokea barua mbili: ya kumshukuru kwa kuokoa kijiji, na ya kumwonya kwa kutoa muhuri nje ya ofisi. Baadaye aliombwa kuandika upya ombi lake kwenye karatasi ya kipimo rasmi, isiyo na siagi.

Angeweza kucheka yakaisha. Badala yake alikaa mezani akaandika, na kwa miaka kumi na moja hakuacha. Alijibiwa, akarushwa huku na huko, akaandika tena. Machi 2024 mkataba ulitiwa sahihi: kila ofisi ina funguo za makufuli yote mawili, na anayefika kwanza anafungua, kisha anatoa taarifa. Ni mistari minne. Septemba iliyofuata maji yalipanda tena. Kijana wa shirikisho alifungua peke yake ndani ya dakika tatu, na Dörnwitz ikaendelea na kifungua kinywa.

Bwana Krautz, ambaye amestaafu tangu 2019, atakuwepo Ijumaa. Ameomba aseme maneno machache, na Bi Gundula ameshampangia dakika mbili.

Bi Gundula, ahsante kwa kutufundisha kwamba mamlaka hugawanywa ili yafanye kazi, si ili yasubiriane. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya, kahawa ya moto, na asubuhi nyingi ambazo mvua inanyesha kwa nguvu, wewe unaisikia, unajigeuza upande wa pili, unalala.

Hartwig Möbes, kwa niaba ya wenzako wote