Upande wa Nyuma: Maisha ya Karani Fanueli Luka Shekiondo, 1919–1957

Wazee wetu shikamooni, na ninyi majirani mliofika tangu alfajiri na majamvi yenu, poleni. Aliyelala mbele yetu ni Fanueli Luka Shekiondo, karani, na anayewasomea ni Rafaeli, kaka yake wa tumbo moja, niliyeombwa na familia niisome historia hii kwa utulivu, na utulivu huo nitaufuata kadiri nitakavyoweza.

Marehemu alizaliwa Bumbuli, Usambara, tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa pili wa mzee Luka na mama Lea, akaingia shule ya misheni mwaka 1928, akamaliza mwaka 1935, akiwa na mwandiko mzuri hata mwalimu akamwachia daftari la mahudhurio la darasa zima. Mwaka 1936 alipata kazi Amani, kwenye kituo cha utafiti, na huko ndiko alikofunzwa kadi, kwa maana kila mti uliopandwa ulikuwa na kadi yake, mbele jina na siku ya kupandwa, nyuma yaliyoupata mti huo, ukungu, upepo na wadudu, na mkubwa wa kule hakutoa amri ya kukata wala kuacha kabla hajaigeuza kadi.

Tarehe 5 Juni 1943 alifunga ndoa na Dorkasi, huyu mnayemwona amefunikwa kanga, wakajaliwa Ernesti mwaka 1944, Ruthi mwaka 1947 na Yudith mwaka 1951, na kila mtoto naye alikuwa na kadi, mbele siku ya kuzaliwa, nyuma surua, jino la kwanza na siku aliyosimama dede, mpaka Dorkasi akamtania kwamba vimebaki vyungu tu visivyo na kadi.

Mwaka 1948 alihamia shamba la mkonge lililo njia ya Pangani, ambalo jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenyewe wameleta shada la maua na wamejiandika pale kwa herufi kubwa kuliko za marehemu. Aliwekwa kiwandani, kwenye korona, zile mashine zinazokamua majani na kutoa singa, akafungua kadi kwa kila mashine, na meneja wa zamani alizisoma kila Ijumaa, pande zote mbili, kisha ndipo akapanga ipi ifanye kazi na ipi isimame, na kwa miaka saba hiyo hakuna mtu aliyekatika hata kidole kiwandani mle, na hilo nalisema kwa nguvu ili lisikike mpaka mlangoni.

Januari 1956 ofisi kuu ya mjini Tanga ilinunua mashine za kutoboa kadi, kadi za Fanueli zikaamriwa zichomwe, ikaja fomu ya kila wiki yenye safu kumi na mbili, tani, saa, idadi ya watu na kadhalika, ambayo mjini tarakimu zake hugeuzwa matundu, matundu yakawa taarifa, na kwa taarifa hiyo wakubwa wakaliendesha shamba bila kukanyaga tope lake. Mashine ile haina kosa, marehemu mwenyewe aliisifu kwamba inajumlisha kwa saa moja kazi ya makarani kumi, ila katika safu zile kumi na mbili hapakuwa na hata moja ya kuandika kwamba kitu kinaharibika.

Aprili mwaka huu fundi Mselem bin Jumbe, mtu wa Mwera, aliyeketi pale, alimwambia, "Bwana Fanueli, mkanda wa korona namba mbili ushakwisha, hautufikishi Krismasi yenu." Fanueli akafanya alivyofunzwa Amani, akaandika nyuma ya fomu, na wiki iliyofuata akaandika tena, na tena, wiki kumi na nne, mpaka siku ya Julai Mselem aliponunua karanga Usagara, huko mjini, akakunjua karatasi iliyozifunga, akakuta ni fomu ya shamba, mbele ina tiki nyekundu, nyuma ina mwandiko wa Fanueli na chumvi.

Tarehe 1 Agosti Fanueli alipanda basi akaipeleka karatasi ile ofisi kuu, akajibiwa kwamba watoboaji hunakili mbele tu, kisha fomu huuzwa kama karatasi chakavu, na kwamba safu mpya huombwa kwa fomu maalumu, nayo fomu hiyo bado haijachapwa. Alirudi, akamwendea Bwana Meneja wa sasa kumwomba aisimamishe namba mbili, Bwana Meneja akaangalia taarifa ya mjini, akasema mashine ni nzima. Usiku huo hakugusa chakula, akamwambia mkewe, "Dorkasi, mle ndani hakuna anayegeuza karatasi."

Jumatatu tarehe 9 Septemba 1957, saa nne asubuhi, alikuwa amesimama kando ya namba mbili akisoma kipima saa cha mashine hiyo, kwa sababu fomu yao inataka kisomwe kila saa, mkanda ukakatika, ukampiga kifuani, akalazwa hospitali mjini Tanga, akafariki Alhamisi tarehe 12, saa tisa alasiri, Dorkasi akiwa ameushika mkono wake wa kuandikia.

Jana imekuja barua ya shamba, inasema kwamba kwa mujibu wa taarifa mashine haikuwa na kasoro, kwamba fomu zote zina saini ya marehemu, na kwamba ajali imetokana na uzembe wa karani. Uzembe! Nimekasirika, ndugu zangu, sifichi, maana wanajua kuwa nakala alizobakiza jaladani ni za kaboni, na kaboni hushika upande wa mbele peke yake. Wasichokijua ni kwamba jana hiyohiyo Semeni, mke wa Mselem, alizunguka Usagara yote akinunua karanga asizozitaka, akarudi na fomu tisa, ninazo hapa, na ya tarehe 14 Juni inasema, "Mkanda namba mbili unachanika, tafadhali njooni mtazame kabla hajaumia mtu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana siku tatu, majirani wa dini zote, nokoa, msimamizi wao, na wafanyakazi wote wa kiwandani waliombeba kwa mikono yao, na Semeni, ambaye hatuna cha kumlipa. Bwana Meneja, uliyeketi mstari wa mbele, fomu hizi nakukabidhi mbele ya watu hawa wote, zishike, na kabla hatujamwinua marehemu, zigeuze.

Nawe mdogo wangu, lala kwa amani, uliyoyaandika yamesomwa.