Serumu Niliyomuombea Bwana Yangu

Bandugu zangu, nimesimama hapa na hasira. Pasta aliniambia nishukuru, na nitashukuru, lakini muniache kwanza niseme.

Bwana yangu munamujua, ni ule pale mwenye kovu kwenye paji. Alikuwa anashuka na baiskeli kwenda soko ya Nchelenge, gunia ya mihogo nyuma. Breki ikakatika, akapiga kichwa kwenye jiwe. Alisimama mwenyewe, hata akacheka. Lakini saa sita ya muchana akaanza kutapika, na maneno yake yakawa mazito.

Nikamupeleka kwa muuza dawa mumoja. Na mimi mwenyewe, bamama, ndiye niliomba: "Umuwekee serumu, apate nguvu." Si munajua, kwetu mugonjwa bila serumu tunasema hakutunzwa! Akamutundikia chupa mbili za maji ya sukari kwenye mushipa wa mukono, akaziachilia mbio. Akaongeza sindano ya usingizi, eti apumzike.

Alipumzika kweli! Nikamuita, anakoroma tu. Mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili.

Tulimukimbiza hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nainua chupa ya serumu juu. Muuguzi, mama Mubemba, aliona chupa akaing'oa.

"Mayo, mama yangu, nani aliweka hii?"

"Ni mimi niliomba."

"Fuvu ni mfupa, haitanuki," akasema, mikono yake inafanya kazi. "Ubongo umevimba. Sukari mwili unaikula, maji matupu yanabaki, yanaingia kwenye ubongo. Na sindano imepunguza pumzi, damu inajaa kichwani. Mulikuwa munamuminya ubongo!"

Bakamuinua kichwa, bakamupa hewa, bakamutilia dawa ingine yenye kuvuta maji toka kwenye ubongo, itoke na mukojo. Nilikaa naangalia mufuko wa mukojo unajaa, naomba Mungu ujae tena.

Siku ya tatu alifungua macho, akanigombeza ju ya uji baridi. Nililia kwa furaha.

Nikarudi kwa muuza dawa. Akaniuliza: "Si alipona?" Bandugu, alikuwa anatundikia mutu mwingine chupa!

Asante kwa ule mama muuguzi, na kwa ninyi mulionilishia batoto. Lakini nawaambia: mutu akigonga kichwa, akatapika, akasinzia, mumupeleke hospitali palepale. Musimuombee serumu. Bwana yangu mpaka leo anasahau jina ya mutoto wetu wa mwisho, na mutoto anamujibu kwa jina lolote analoitwa.