Mama Usukani na Gari Zito la Wagonjwa

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi madereva mliotoka zamu moja kwa moja kuja hapa, familia inawaomba mtege sikio tuwasimulie maisha ya mama yetu, mliyemzoea kwa jina la Mama Usukani.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa seremala, nyuma ya kiwanda cha mbao, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, akapenda hesabu, akachukia kushona, kisha akafundishwa gari na mjomba wake, dereva wa lori.

Tarehe 2 Juni 1971 aliomba udereva hospitalini, mkuu wa magari akamtazama juu hadi chini, akamwonyesha gari la wagonjwa lililobanwa kati ya kuta mbili, akamwambia aligeuze. Magari ya enzi hizo hayakuwa na pawa ya kulainisha usukani na breki, usukani ulikuwa mpana kama sinia, na kuuzungusha gari likiwa limesimama ilikuwa sawa na kusukuma ukuta, hata wanaume wawili walishashindwa asubuhi ile. Marehemu aliliacha lisogee kidogo ndipo akakata kona, likasogea, akakata tena, mara kumi na moja, akashuka gauni limelowa mgongoni, akasema, "Halitaki mabavu hili, linataka kubembelezwa." Akaandikwa kazi siku hiyohiyo.

Tarehe 20 Desemba 1973 alifunga ndoa na makanika wa gereji ya hospitali, baba yetu, aliyependa kutania kwamba alimwoa ili malalamiko ya klachi ngumu ayasikie akiwa amekaa nyumbani, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1975, 1978 na 1982.

Tarehe 9 Agosti 1980, akimkimbiza hospitalini mjamzito aliyekuwa akivuja damu, breki zilikataa mteremkoni, kanyagio likazama hadi chini, muuguzi akapiga kelele kwamba wanakufa, naye akamjibu, "Wewe mshike mgonjwa, gari niachie mimi." Alishusha gia moja baada ya nyingine, akavuta hendibreki kidogo kidogo, usukani ukimpiga teke kila shimo, hadi gari likazama kwenye mchanga kando ya daraja, bega lake la kushoto likiwa limeteguka. Walisubiri gari jingine dakika arobaini. Mama yule alipona, mtoto hakupona. Kazini walimpa cheti cha ushujaa, akakifungia kabatini, hakuwahi kukitundika.

Mwaka 1996 lililetwa gari lenye pawa, akazungusha usukani kwa kidole kimoja, akagusa breki, likatulia, kisha akauliza, "Raha hii mlikuwa mmeificha wapi siku zote?" Wenzake walicheka, yeye akajifuta macho.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akaanza kuugua figo Mei 2021, akafariki tarehe 11 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kutufulia, na madereva wenzake waliompeleka kliniki bila kuchoka.

Mama, zamu yako imekwisha, tumeshaipokea, pumzika kwa amani.