Infini ya Mutware

Kesho asubuhi basi lingempeleka Modeste Mbarara, halafu Kampala, halafu ndege mpaka Kanada, peke yake. Pale kijiweni kwa Annonciata muuza kahawa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, jambo hilo lilijulikana tangu Jumatatu, ila hakuna aliyeligusa. Modeste walimwita Prof, maana alifundisha hesabu Uvira, Kongo, kabla ya vita. Siku hiyo, kwa kukosa la kusema, aliwatupia neno la Kifaransa la darasani: infini. Wakalidaka kama waliokuwa wakilingojea.

— Fini ni imeisha, akasema Natanaeli, fundi baiskeli waliyemwita Pneu, yaani tairi. Basi infini ni ile haiyaisha. Kama hii kahawa.

— Kahawa itaisha, akasema Modeste.

— Haba na haba hujaza kibaba, Prof. Tutaongeza maji.

Mutware, mfugaji wa Minembwe asiye na ng'ombe tena, akatikisa kichwa.

— Infini ni ng'ombe za babu yangu. Hakuna mutu alizihesabu. Kwetu kuhesabu ng'ombe ni kuziitia kifo.

— Kukataa kuhesabu si kukosa mwisho, Mzee, Modeste akamjibu. Kamata namba zote: moja, mbili, tatu, bila kusimama. Toa moja. Mbili inakaa fasi ya moja, tatu inakaa fasi ya mbili, na vile vile mbele. Kila fasi inajaa. Hauwezi kujua kama kuko namba ilienda. Ile ndiyo infini. Penye kuko mwisho, ukitoa moja, fasi moja inabaki wazi.

— Basi hii kambi ni infini, Natanaeli akacheka. Moja anaenda Amerika, mwingine anatoka Kongo, nyumba inajaa. Wewe kesho ukienda, siye tunasogea tu.

Modeste akacheka naye, kisha akainamia kikombe chake. Miaka yote hii kwenye benchi hili, na utani huo ndio uliokuwa kwaheri yao.

Mama mmoja, Sidonie, aliyefika kutoka Kivu wiki ile, alikuwa amesimama akingoja kahawa yake. Akamgeukia Mutware.

— Papa, kama hamukukuwa munahesabu, mulijua namna gani ng'ombe moja imepotea?

Mutware akafungua kinywa. Jibu alilijua tangu utotoni: jioni unasimama penye zizi, unaziangalia zinavyoingia, na moyo wenyewe unakuambia ni nani hayupo. Akamtazama Modeste kuanzia viatu mpaka paji la uso, kama aliyesimama penye zizi.



Mutware akainua kikombe chake, akamimina nusu ya kahawa katika kile cha Modeste, akageuza uso kuelekea barabarani.