Barua Niliyoandika Bila Jina

Ndugu zangu wa kikundi chetu cha Waswahili hapa London, niliandika barua chuoni nikasema mahojiano ya utafiti wa rafiki yangu ni ya kutunga. Sikutia jina. Nilijua ni ya kweli, kwa sababu mengine yalifanyika mbele yangu, sebuleni kwa watu kule Kingsbury, nimeshika kikombe changu cha chai.

Nianze mwanzo. Tulikuja London pamoja kusoma. Mimi nilitafiti dini za Wachina: kila wiki nilikwenda kwenye hekalu lao, juu ya duka la mboga, kuandika watu wanaomba nini. Mwenzangu alitafiti jinsi wazazi wanavyochagua shule za serikali. Nilimdharau. Kukaa na akina mama kuzungumzia shule, huo nao ni utafiti?

Lakini nanyi mlinichoma. Cheka tu, mama, wewe ulikuwepo. Kwenye shughuli zetu mliniuliza, "Na wewe unasomea nini?" Nikisema dini za Wachina, mnajibu, "Haya, Mungu akusaidie," kisha mnamgeukia yeye. "Dada, fomu ya kuombea mtoto shule ina nafasi sita. Hii shule ya karibu niiweke juu au chini?" Naachwa na sahani yangu ya pilau.

Ikatangazwa nafasi moja ya ualimu chuoni. Tuliomba wote. Akachaguliwa yeye. Wiki hiyo ndipo nilipoandika.

Chuo kikamtaka alete sauti alizorekodi. Hakuwa nazo. Aliwaahidi wale akina mama kwamba akishaandika maneno yao atazifuta, na alizifuta. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Wakasimamisha ajira yake. Akaja kwangu Harrow, akakaa jikoni.

"Shoga, nani ananichukia hivi?"

"Watu wabaya," nikamwambia, nikamwongezea chai.

Nawaambia kweli: alipolia nilisikia raha.

Kule hekaluni kulikuwa na bibi aliyefagia majivu ya udi. Pale anayeomba huandika kwenye karatasi jina lake kamili na anapokaa, kisha haja yake. Siku moja bibi akanisukumia karatasi. "Kila wiki unaandika haja za wenzako. Ya kwako ipi?"

Sikwenda pale kuomba, lakini kwa adabu nikashika kalamu. Jina nikaandika. Anwani nikaandika. Kwenye haja mkono ukagoma, maana nilikuwa nayo moja tu: mwenzangu aanguke. Na juu yake limekaa jina langu, lile alilonipa baba.

Nikatoka moja kwa moja hadi chuoni, nikamwambia mkuu wa idara ni mimi niliyeandika, na kwamba nilikuwepo mahojiano yakifanyika.

Yeye alisafishwa, ila nafasi ilishakwenda kwa mtu mwingine. Mimi nilisimamishwa masomo mwaka mzima. Nyinyi mlijua nilichofanya, na bado mkanifungulia mlango. Mmoja wenu alinitafutia kazi ya jikoni hospitalini. Mwingine alinipigia simu kila Jumapili bila kunihubiria. Ahsanteni. Na kama kuna mtu hapa anaona uchungu mwenzake akisifiwa, aseme mapema, hata kwangu, yakiwa bado ni maneno tu.

Mwenzangu nilimwandikia kumwomba radhi. Hajajibu, na sasa anafundisha mji mwingine. Juzi nimesikia kitabu chake kinatoka. Nilimwambia aliyeniletea habari, "Nimefurahi." Nusu yake ilikuwa kweli.